Wigi Nililokwenda Nalo Kumaliza Msiba wa Mama

Haya ninayoyaandika yalinitokea mbele ya ukoo mzima pamoja na majirani, kwa hiyo hata nikinyamaza watu wa Mungaa wanayo na wanayasimulia, na wengine wanayaongezea chumvi (kuna anayesema kichwa changu kiliwaka kama taa, si kweli, ziliwaka nywele za mbele tu, tena hazikuwa zangu). Nimeona bora niyaandike mwenyewe katika daftari hili, na aibu yake ni yangu, simgawii mtu. Niliishia darasa la saba, sijui kama nitayapanga vizuri, ila nitajitahidi kila mtu apate haki yake, hata shangazi.

Mimi nakaa Mkiwa, pale njia panda, nauza vitunguu na asali kwa abiria wa mabasi. Mama alikuwa nyumbani Mungaa. Kila baada ya wiki chache nilikuwa nakwenda kumwona, na kila nikienda ananisuka. Tangu utoto sijawahi kusukwa na mtu mwingine (nadanganya, nilisukwa mara moja saluni kwa ajili ya harusi ya kaka yangu, nikaumwa kichwa siku mbili). Mama anakaa kwenye kigoda, mimi nakaa chini juu ya gunia, kichwa changu kati ya magoti yake, na yale magoti yananukia moshi na mafuta ya alizeti, anasuka huku ananipa habari za kijiji, nani kaoa, nani kahama, ng'ombe wa nani wameingia shamba la nani. Nikisinzia ananigonga na kitana. Sijui kwa nini naandika kuhusu kitana, ila ndicho ninachokisikia mpaka leo, hapa juu ya utosi.

Mwaka huo macho yake yalikuwa yameingia ukungu, akawa anasuka kwa kupapasa. Mara ya mwisho alinisuka mistari tisa ya kurudi nyuma. Alipomaliza nilichukua kioo kidogo ambacho kaka anakitumia kunyolea ndevu, nikajitazama, nikaona mstari wa kulia umeanza vizuri kwenye paji la uso halafu umepotea, umezunguka juu ya sikio, umerudi tena. Nikamwambia, "Mama, huu umenisuka kama njia ya ng'ombe wanaokwenda bwawani."

Alicheka. Nasema alicheka, ila nikiwa mkweli sikumtazama usoni, nilikuwa najitazama mimi kwenye kioo, inawezekana hakucheka, alitoa sauti tu. Akasema, "Ukija tena nitakunyooshea."

Sikuja tena akiwa hai. Hazikupita wiki mbili, ilikuwa presha, alianguka akitoka kuanika uwele, na mpaka nafika nilikuta wameshamlaza na kumfunika.

Siku ya mazishi nilijifunga kitenge kichwani kama wanawake wote, hakuna aliyejua kilichokuwa chini yake. Nikarudi Mkiwa. Ndipo shida yangu ilipoanza, kwa sababu nywele zinaota hata kama mtu amefiwa, na ile mistari ikaanza kutimka, ikatoa manyoya pembeni, ikajaa vumbi la malori. Zuhura, mwenzangu anayeuza viazi meza ya pili kutoka kwangu, alinivumilia mwanzoni kwa sababu ya msiba, baadaye akashindwa. Akaniambia hicho kichwa abiria watadhani nauza pamba. Halafu akasema kwa upole (na hili lazima niliandike, maana Zuhura ana mdomo lakini ana moyo pia), "Njoo nikufumue, dada. Nakufumua polepole."

Nikamwambia kesho. Kesho yake nikamwambia kesho. Ukweli ni kwamba nikimaliza kuuza mchana, magari yakipungua, nilikuwa naingiza kidole chini ya kitenge naufuata ule mstari wa kulia. Unaanzia juu ya jicho, unafika hapa, mama alisita, hapa kidole chake kilishika nywele nyingi kuliko inavyotakiwa, hapa alijua amekosea akarudi. Ile mistari minane iliyonyooka sikuwa naijali. Ningeweza kuifumua hata kwenye basi. Ni ule mmoja.

Sasa kwetu, siku ya kumaliza msiba, watoto wote wa marehemu wananyolewa. Anayenyoa ni shangazi, dada wa baba. Mnakaa kwa kufuata kuzaliwa, mkubwa kwanza, nywele zenu zinaangukia kwenye ungo mmoja, zinakwenda kufukiwa pembeni ya kaburi, kisha mnapakwa mafuta vichwani, mnakula, watu wanatawanyika. Ni utaratibu mzuri, sina ubaya nao. Mama mwenyewe alinyolewa alipofiwa na mama yake, na nakumbuka alirudi na kichwa kinang'aa, mimi mdogo nikalia kwa kuwa sikumtambua, akaniinamishia kichwa akaniambia, "Shika, ni mimi." Kwa hiyo nilijua. Nilijua tarehe na nilijua wembe. Nilichokosa ni moyo.

Siku moja nilikwenda Singida mjini kupeleka asali, nikapita kwenye duka linalouza nywele. Muuzaji alikuwa binti mchangamfu, akanikaribisha kiti. Nilimuuliza, kama mtu anayeuliza tu, hivi watu wanaovaa wigi wanavaa kwa nini. Akacheka, akasema mama, sababu ni nyingi kama wateja. Kuna anayekuja kwa sababu dawa ya nywele imemuunguza, kuna aliyeugua zikadondoka, kuna mwalimu ambaye hana muda wa kusuka asubuhi, kuna bibi harusi, kuna anayetaka mume ashtuke kidogo akirudi kutoka safari, na kuna mmoja huja kila mwaka anataka lile lile, anasema ndivyo alivyokuwa msichana. Akaniuliza na wewe? Nikasema mimi nina baridi ya kichwa. Singida ina upepo, akakubali.

Nikachukua moja fupi linaloishia shingoni, jeusi, lenye nywele za mbele zinazoshuka mpaka kwenye nyusi. Ndani yake kuna kofia kama ya soksi, unalibana kwa vibanio. Yule binti aliniambia, na naandika hapa ili asilaumiwe, "Mama, hii siyo nywele ya mtu, ni ya kiwandani. Usisogee nayo motoni." Akarudia tena wakati ananifungia. Nikasema sawa.

Zuhura aliponiona alisema nimekuwa kama mtangazaji wa runinga. Nilifurahi, sitaficha. Lakini furaha yangu kubwa ilikuwa ile iliyokuwa chini.

Wazo lenyewe, lile dogo lililoniharibia siku, lilinijia nikiwa njiani kwenda Mungaa, nyuma ya bodaboda. Nilifikiri, nikifika na kitenge watakivua, maana kila mtu anajua kitenge kinavuliwa. Lakini nikifika na wigi, watauliza, na mimi nitasema nimeshanyoa kulekule Mkiwa, ndiyo maana nimejifunika kwa wigi. Nani atakayebisha? Mwanamke aliyenyoa akivaa wigi ni jambo linaloeleweka. Niliona nina akili. Sijawahi kujiona nina akili kwa muda mrefu kama ule, ilikuwa kama mwendo wa nusu saa.

Aliyenipokea ni mdogo wangu Neema. Akaniangalia kichwani. Nikamwambia, "Nimeshanyoa, nilishindwa kusubiri." Neema alinikumbatia akalia, akasema dada umetutangulia, na mimi nikalia pia, na kilio changu kilikuwa cha kweli ingawa maneno yalikuwa ya uongo. Hilo bado nalifikiria.

Neema akampelekea shangazi habari kwa nia njema. Shangazi Monika ni mama mfupi, mkavu, anayeongea taratibu. Alikuwa ameshakaa kwenye kigoda uani, ungo mbele yake, wembe mpya kwenye karatasi, mafuta kwenye kibakuli. Nikapiga goti, shikamoo shangazi, akaitikia marahaba, halafu hakuniachia mkono.

"Umejinyoa?"

"Ndiyo, shangazi."

"Na nywele ulizitupa wapi?"

Hilo sikulipanga. Nikasema sikuzitupa, nimezihifadhi. Wapi? Kwenye kitambaa. Kitambaa kiko wapi? Chumbani kwangu, Mkiwa. Akatikisa kichwa, akaniambia kwa Kinyaturu kwamba mtoto hanyolewi peke yake kama anayekwenda jeshini, nywele za watoto wa tumbo moja zinakaa pamoja, na mama yako ataulizia za kwako. Halafu akamwita kaka yangu. Kaka Elisante ni mtu wa vitendo, hana maneno mengi, tangu msiba uanze hakuna aliyemwona akilia na alikuwa ameshika kila kazi, turubai, maji, kuni. Shangazi akamwambia awashe pikipiki aende Mkiwa akalete nywele za Sesilia, ndiyo mimi.

Kaka hakuuliza. Akanyoosha mkono. "Ufunguo."

Nikasema ufunguo anao Zuhura. Akasema atampigia Zuhura. Nikasema simu ya Zuhura imeharibika. Akasema basi atamkuta, si yuko pale pale. Akaanza kuvaa koti. Nikamwona kaka yangu anakwenda kusafiri njia yote ile, vumbi lote lile, siku ya mama yake, kutafuta kitambaa ambacho hakipo, na hapo nikaongeza uongo mwingine ili kuuzuia ule wa kwanza, nikasema, kaka, usiende, nimekumbuka, nilizifukia mwenyewe nyuma ya nyumba na mvua ikapita.

Kaka akaacha kuvaa koti. Shangazi alinitazama kwa muda, na nadhani alianza kuwa na wasiwasi hapo, ila alinihurumia, maana msiba unamfanya mtu aseme ovyo. Akasema basi, litakuwa limepita, lakini mafuta lazima upakwe pamoja na wenzako, kwa hiyo toa hiyo kofia yako.

"Naja, shangazi, ngoja kwanza nisaidie jikoni."

Na nikakimbia. Sio kukimbia kwa miguu, ila nilikwenda haraka kuliko anavyokwenda mtu wa kusaidia. Kule nyuma walikuwa wanasonga ugali kwenye sufuria kubwa juu ya mafiga, wanawake wanapokezana mwiko. Nikaupokea mwiko kama mtu aliyeokolewa. Nilisonga kwa nguvu zangu zote, nimeinama, jasho linanitoka, nasema moyoni nikisonga ugali huu mpaka jioni shangazi atasahau. Yule binti wa dukani sikumkumbuka hata kidogo.

Harufu ndiyo ilitangulia. Kila mtu akaisikia, harufu ya plastiki, wakaanza kuulizana nani ametupa mfuko motoni. Na mimi niliuliza. Niliinua kichwa na kuuliza kwa sauti, jamani, nani anachoma ndala huku? Nikainama tena kutazama chini ya sufuria kama kuna ndala, upepo ukageuza moto kuja upande wangu, na nikaona mbele ya macho yangu vitu vyeusi vinajikunja na kung'aa kama vimepakwa asali. Ilinichukua muda kuelewa kuwa ndala ni mimi.

Neema alipiga ukelele mmoja. Alikuwa ameshika jagi la togwa analipeleka kwa wazee, akanimwagia lote. Halafu kwa sababu bado kulikuwa na moshi (na hapa simlaumu, mimi ningefanya vilevile) akashika wigi kwa mikono miwili akalivuta. Vibanio vikakatika. Likatoka lote, na kofia yake ya soksi, akalitupa chini akalikanyaga kama anaua nyoka.

Nikabaki nimesimama na mwiko mkononi, togwa inanitiririka shingoni, na kichwa changu kiko wazi mbele ya watu wote. Kichwa ambacho kila mtu alishaambiwa kina upara. Na juu yake mistari tisa ya zamani, imetimka, imejaa unga wa togwa.

Mzee mmoja aliyekuwa anasubiri togwa akauliza, "Kumbe huko Mkiwa wembe unapanda nywele?" Watu wakacheka, na walikuwa na haki ya kucheka. Hata mimi ningecheka.

Shangazi alikuja na wembe wake mkononi. Watu wakapisha. Nilidhani atanisema, na maneno yake nilikuwa nayastahili, nilimdanganya mara nne kama nimehesabu vizuri. Akanishika kidevu, akanigeuza kichwa upande wa kushoto ili aone upande wa kulia. Akaweka kidole juu ya jicho langu pale mstari unapoanzia. Akakisogeza taratibu mpaka juu ya sikio, pale aliposita mama, akasita. Kicheko kikakatika chenyewe.

Akasema, "Huu ni mkono wa wifi yangu."

Akaufuata tena kwa kidole.

"Kila nikimuuliza kuhusu macho, alikuwa ananiambia anaona."

Nikamwambia kwamba nilimlaumu, kwamba neno la mwisho nililomwambia kuhusu kazi yake ni kuwa amesuka kama njia ya ng'ombe. Nilisema nikiwa bado nimeshika ule mwiko, sijui kwa nini sikuuweka chini. Shangazi hakusema "si kitu". Wengine wangesema "si kitu". Alisema, "Ndiyo, umepinda."

Kaka Elisante akaja akasimama nyuma yangu. Sikumwona, nilisikia kidole kingine, kizito, chenye grisi ya pikipiki, kinapita juu ya sikio langu mara moja, kinarudi mwanzo, kinapita tena. Halafu nikasikia pumzi yake, na Neema akamshika, akamwongoza nyuma ya ghala, na huko ndiko kaka yangu alikolia. Mimi naona kama hilo wigi lilifanya jambo moja la maana, basi lilikuwa ni hilo, lakini sitaki kulipa sifa isiyo yake, lilikuwa limekanyagwa chini halina habari.

Shangazi akanipeleka uani, akakaa kwenye kigoda, akanikalisha chini kati ya magoti yake. Nilifumba macho kusubiri wembe. Badala yake nikasikia vidole. Alianza kufumua upande wa kushoto, mstari mmoja baada ya mwingine, hakuharakisha, huku watu wana njaa na ugali niliouacha unaungua. Magoti yake hayanukii kama ya mama. Yananukia sabuni. Nilitafuta ile harufu nikaikosa, nikatulia hivyohivyo.

Alipofika kwenye ule wa mwisho akaondoa mikono.

"Huu fumua mwenyewe."

Nikamwambia siwezi, shangazi. Hakunisaidia. Alisubiri tu, na nyuma yake ukoo mzima ukasubiri. Nilianzia nyuma, kwenye ncha, kwa sababu ndiyo njia pekee ya kufumua, unaanzia alipomalizia yeye unakwenda kule alipoanzia. Nilipofika juu ya sikio nilikaa sana. Halafu nikaendelea, na pale kwenye paji la uso, kifundo cha kwanza kabisa alichokifunga mama kilikuwa kidogo na kimebana vizuri, mtu asingejua kama aliyekifunga haoni.

Ndipo shangazi akamnyoa kaka, akaninyoa mimi, akamnyoa Neema, ungo mmoja. Nilimwomba shangazi anipe nywele kidogo tu za upande wa kulia, akakataa. Nilimkasirikia siku ile. Leo nafikiri alifanya sawa, ingawa sina hakika, kuna siku nafikiri hivi na kuna siku nafikiri vile.

Watu walikula ugali wenye mkaa chini na harufu ya kiwandani juu, na wazee hawakupata togwa. Kwa hilo naomba radhi hapa kwa maandishi, maana kwa mdomo niliona aibu.

Wigi silisemi kwa ubaya. Anayelivaa ana lake, na siku hizi basi likisimama pale Mkiwa nikaona dirishani mama amevaa, sibishani na Zuhura tena kama ni nywele zake au si zake, namuuzia kitunguu namwacha aende salama. Nililoapa ni kutomdanganya shangazi anayenyoa, na kutosonga ugali nikiwa na kitu cha kuficha kichwani.

Nywele zimeota. Naenda saluni ya hapa njia panda, kuna msusi kijana, hodari, mikono myepesi. Akimaliza ananipa kioo kikubwa, ananiuliza, "Mama, imenyooka?" Natazama kulia, natazama kushoto, na ni haki yake nimwambie ukweli, namwambia ndiyo, yote imenyooka. Halafu nikitoka nje napapasa juu ya sikio, kama kuna mahali alipokosea.